Dawa ya Jasho

Jumatatu, Machi 9

Mvua ya kwanza. Upepo umeng'oa paa la kibanda cha jenereta. Mabati mawili tumeyakuta barabarani. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, kama ilivyo kawaida mvua ikinyesha, na bila umeme mashine ya kupepeta mahindi haizunguki. Meneja akaamuru jenereta iingizwe ndani ya ghala, ikae karibu na mlango wa nyuma, na bomba la moshi litolewe nje kupitia tundu la ukutani.

"Siku mbili tatu tu," alisema, "mpaka fundi wa paa aje."

Milango yote ikafungwa ili mahindi yasiloe. Tumefanya kazi mchana taa zikiwaka. Nimeshona magunia mpaka vidole vimekufa ganzi.

Alhamisi, Machi 12

Mvua. Fundi wa paa hakuja.

Jumanne, Machi 17

Mvua. Wabebaji watatu wamelalamikia kichwa, wakapewa dawa.

Dawa ya ghala letu ni moja. Mbebaji akisema kichwa kinamuuma au mwili umekuwa mzito, wenzake wanampisha njia kutoka kwenye mizani hadi juu ya lundo. Anabeba magunia matatu mfululizo, mbio, nao wanapiga makofi na kupaza sauti: "Jasho! Jasho!" Jasho likishamtoka, wanasema, ugonjwa nao umetoka. Aliyeianzisha ni Mjomba, enzi zile alipokuwa bado anabeba. Sasa yeye ni nyapara, anasimama chini ya lundo na kuwahimiza watu. Ni kaka wa mama yetu. Ndiye aliyenilea mimi na mdogo wangu, na ndiye aliyetuingiza ghalani, mimi kwenye mashine ya kushona midomo ya magunia, mdogo wangu kwenye kubeba.

Sijawahi kuona dawa yake ikishindwa. Wanaume walikuwa wakija Jumatatu na pombe ya Jumapili kichwani, wanakimbia na magunia matatu, wanatapika nje, wanarudi wanacheka.

Leo wote watatu wamekimbia na hakuna aliyecheka. Mmoja wao ni yule tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi hata akitafuna. Ameshuka kutoka juu ya lundo, akakaa sakafuni, hakusema neno mpaka saa ya kutoka.

Ijumaa, Machi 20

Jua. Milango wazi, umeme upo, jenereta imezimwa. Hakuna aliyeumwa. Kimya alimaliza siku nzima akitusimulia habari za mbuzi wa jirani yake.

Jumanne, Machi 24

Mvua, na umeme hakuna tangu jana. Jenereta imenguruma kutwa. Ili kusemezana inabidi tupigiane kelele masikioni.

Mdogo wangu wanamwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Jina alilipata siku alipomwinua dereva wa lori aliyekuwa amekaa juu ya gunia, akambeba na gunia lake hadi kwenye mizani, dereva akapimwa na mahindi. Leo nimemwona amesimama katikati ya ngazi za magunia, mzigo begani, mkono mwingine kifuani. Wa nyuma yake wakaanza kumpigia miluzi.

Alipokuja kwenye mashine yangu kuchukua gunia jingine nikamuuliza, "Vipi wewe?"

"Pumzi tu, dada. Imepotea njia. Itarudi."

"Kifua kinauma?"

"Hakiumi. Kinabana. Kama mtu amenifunga mkanda halafu anavuta." Akainama, nikamtwisha. "Nikikaa kidogo kinaachia."

"Basi kaa."

"Nikae, Mjomba anione?"

Mjomba alikwisha kumwona. "Winchi imeshika kutu!" alipiga kelele. "Mpeni dawa!"

Makofi yakaanza. Mdogo wangu akakimbia.

Jumatano, Machi 25

Mvua. Wanne kichwa, mmoja ametapika. Fundi wa paa hakuja.

Jumatatu, Machi 30

Nimemkokota Winchi hadi zahanati kabla ya kazi. Muuguzi ni mama wa makamo, ana haraka, hana maneno ya ziada. Alimbana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu, kikasema damu yake ina hewa ya kutosha. Winchi akanitazama kama niliyemwibia asubuhi yake.

Muuguzi akauliza, "Kazini mnachoma nini? Mkaa? Kuna injini?"

Nikamweleza kuhusu jenereta.

"Ndani? Milango imefungwa?"

"Kuna bomba, linatoa moshi nje."

"Bomba limeunganishwa wapi?"

Nikajua mara ileile ninachopaswa kumjibu. Limeunganishwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi na waya. Nalipita kila siku.

Akatuambia hivi, nami naandika nilivyomwelewa. Moshi wa injini una hewa moja yenye sumu, haina rangi wala harufu. Harufu tunayoisikia ni ya vitu vingine. Hewa hiyo ikiingia kwenye damu inakalia kiti cha hewa safi na haishuki upesi. Kile kidude cha kidoleni hakijui nani amekaa kwenye kiti, kinachoona ni kwamba kiti kina mtu. Kwa hiyo kinasema yote ni shwari.

"Mbona mimi siumwi?" nikamuuliza. "Niko mlemle, saa zilezile."

"Unafanya nini mle?"

"Nashona. Nimekaa."

"Ndiyo sababu. Aliyekaa anavuta hewa kidogo. Mwenye gunia la kilo mia anavuta mara kadhaa ya unavyovuta wewe, kwa hiyo sumu inamwingia kwa kasi. Tena wakati huohuo moyo wake unataka hewa safi nyingi kuliko wako. Unataka nyingi, unapata pungufu." Akamgeukia Winchi. "Kifua kikibana ukiwa na mzigo, huo ni moyo unalia. Nenda hospitali kubwa ukapimwe. Na usibebe tena humo mpaka hiyo injini itoke."

"Nipumzike siku ngapi?"

"Nimesema mpaka itoke."

Njiani Winchi alikuwa akitabasamu. "Amesema moyo wangu unalia. Nikimwambia Kimya hilo nimekwisha, ataniita bibi harusi."

Nilimjibu vibaya. Sikumwomba radhi.

Alhamisi, Aprili 2

Nilipeleka maneno ya muuguzi kwa Meneja siku ileile. Nilidhani atanifukuza ofisini. Hakunifukuza, alinisikiliza, akasema ataita mtu wa vipimo ili kila mmoja aridhike. Leo mtu huyo amekuja.

Amekuja saa ya chai. Mashine ya kupepeta ilikuwa imesimama na wabebaji wamekaa. Kwa kuwa gari lake liliingizwa hadi ndani asilowe, mlango mkubwa ulifunguliwa wote, na upepo ukapita ghalani kwa mara ya kwanza wiki hii. Alishika kidude chake mbele ya jenereta, akakiweka juu ya mizani, akakiweka kwenye meza ya Meneja. Akaandika. Akasema kila mahali ni ndani ya kiwango.

Ni kijana mwenye adabu, wala sidhani alisema uongo. Nikamwuliza, "Hicho kiwango, kimewekwa kwa mtu gani?"

"Mtu mzima mwenye afya, mama."

"Anayefanya nini?"

"Samahani?"

"Huyo mtu mzima. Amekaa, amelala, au amebeba gunia anapanda nalo juu ya lundo?"

Akacheka kidogo, akatazama kidude chake kana kwamba kingemsaidia. "Hiki kinapima hewa, mama. Hakipimi mtu."

Meneja akaingilia. Alitaka shahidi, na shahidi wake nilikuwa mimi. "Dada, wewe uko humu saa ngapi kwa siku?"

"Kumi."

"Na mashine yako iko karibu na jenereta kuliko kazi ya mtu yeyote. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Unaumwa kichwa?"

"Hapana, lakini…"

"Kizunguzungu? Kutapika?"

"Hapana."

Akafungua mikono kwa wabebaji wote. "Mmesikia wenyewe. Mwanamke anakaa karibu na mashine kutwa nzima, mzima wa afya. Ninyi mabaunsa ndio mnaanguka?"

Walicheka. Winchi naye alicheka. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli ile ilitumiwa kama rungu kumpigia mdogo wangu mbele ya macho yangu. Gari la vipimo lilipotoka, mlango ukafungwa.

Jumanne, Aprili 7

Mvua kubwa. Lazima niandike yote.

Wifi yangu, mke wa Winchi, alinipigia simu kabla hakujapambazuka vizuri. Jana jioni mume wake alishindwa kupanda ngazi za nyumbani kwao bila kusimama. Wanakaa ghorofa ya tatu. Nilipofika ghalani nikaenda kwa Mjomba kumwombea ruhusa ya siku chache.

"Ruhusa ya nini? Akikaa siku mbili, nafasi yake imekwenda. Kuna watu kumi wamesimama getini na mvua yote hii."

"Muuguzi amesema asibebe."

"Muuguzi amebeba gunia lini?"

"Na wewe umebeba lini, Mjomba?"

Hatukulelewa kujibizana naye. Akasema, kwa kunikomoa, "Haya. Nafasi isikae wazi. Mbebee wewe."

Mimi si mwanamke mdogo wa mwili. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Winchi akakaa kwenye kiti changu. Kushona anajua, nilimfundisha mwenyewe. Wabebaji wakapiga vigelegele.

"Shikilia ukuta usidondoke!" Kimya akapiga kelele. "Dada Sindano leo kawa shoka!"

Magunia ya kwanza hayakunitesa. Mgongo ulilalamika, magoti yakalalamika, hayo nilitegemea. Kabla ya chai nikasikia kichwa kimebanwa mbele, juu ya macho, kama nimevaa kofia ya mtoto. Baada ya chai moyo ulikuwa unagonga hadi masikioni, na nikiwa nimesimama kabisa, bila mzigo, bado unagonga. Ngazi za magunia nazijua, lakini miguu haikuzijua tena. Nilifika juu nikasahau nilichokuja kufanya. Mwenzangu alinitua gunia begani akaniuliza kitu, nikamwona mdomo unacheza.

Nikasema, "Kichwa kinaniuma."

Nilisema bila kufikiri, na makofi yakaanza. "Jasho! Jasho!" Mjomba hakuwa na haja ya kuamrisha, walikuwa wakicheka, walinipenda, walikuwa wananitibu. Nilikimbia na gunia moja. La pili nililiangusha njiani, nikatapika juu ya viatu vyangu.

Ndipo nikamtazama mdogo wangu. Amekaa kwenye kiti changu, karibu na jenereta, ameshona tangu asubuhi. Uso wake umerudiwa na rangi. Akanikimbilia, akaniinua, akanitoa nje kwa mlango wa nyuma.

"Kichwa chako?" nikamuuliza.

Akafikiri. Nadhani hakuwa amefikiri mpaka wakati ule. "Hakiumi."

"Kifua?"

"Hakibani. Leo hakijabana kabisa." Akaanza kuogopa, niliona. "Dada, ni hewa ileile."

"Ni ileile."

Tulimweleza Mjomba wote wawili, mvua ikitunyeshea. Tulimwonyesha kama mtu anavyoonyeshwa mikono yake miwili: jana huyu mgonjwa na huyu mzima, leo tumebadilishana kazi, na ugonjwa umebadilisha mtu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni mwanamke, hujazoea mizigo," aliniambia. Kwa Winchi akasema, "Na wewe umepumzika, lazima ujisikie vizuri."

Akaingia ndani. Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kusoma saa.

Jumatano, Aprili 8

Meneja amesikia tulivyobadilishana. Amekataza. Kila mtu kwenye kazi aliyoandikiwa. Winchi amerudi kubeba. Nimemwambia aache, akanijibu kwa swali moja: "Halafu nile nini na wanangu, mvua?"

Mvua.

Alhamisi, Aprili 9

Mvua. Nimeufunga ule mpira wa bomba kwa vitambaa na waya mpya. Moshi ukatokea kwenye maungio mengine.

Jumatatu, Aprili 13

Ilikuwa muda mfupi baada ya chai. Malori matatu yalikuwa yanasubiri nje, Meneja amesimama kwenye mizani na saa yake. Winchi alikuja kuchukua gunia, midomo imepauka.

"Tua," nikamwambia. "Kaa hapa chini ya meza yangu. Nitasema unatengeneza mashine."

"Hili la mwisho."

"La mwisho nini? Malori matatu yale!"

"La mwisho halafu nakaa. Nitwishe, dada."

Nikamtwisha. Ameshakuwa mtu mzima, hashikwi mkono. Hatua chache tu akasimama, akasema kitu kwa Kimya aliyekuwa mbele yake. Kimya ameniambia baadaye: alisema, "Kifua." Basi. Lakini Mjomba aliona mtu amesimama na malori yanasubiri na Meneja anatazama.

"Dawa!"

Wakampisha. Wakapiga makofi. Akakimbia na lile la kwanza hadi juu. Akashuka, akachukua la pili, akakimbia. Hilo sikumtwisha mimi. Lilikuwa kwenye safu ya yaliyo tayari, alijitwisha mwenyewe ili asipite kwangu. Katikati ya ngazi akapiga magoti taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Gunia likabingirika. Kwa mkono wa kulia alishika taya, wa kushoto ulining'inia tu. Makofi yaliendelea. Jenereta ilinguruma, waliokuwa nyuma hawakuona, na Mjomba alikuwa anapiga makofi akimtazama. Alidhani anajivuta kuinuka.

Nilikata uzi. Nikaenda kwenye jenereta nikaizima.

Kukawa kimya, na katika kimya kile makofi yakaendelea kidogo, watu wanne, watatu, mmoja. Wa mwisho kuacha alikuwa Mjomba.

Kimya na wenzake walimshusha wakampeleka nje kwenye mvua. Meneja aliuliza mara moja hali yake, na mara mbili nani amezima jenereta.

Tulimlaza nyuma ya lori la mahindi. Dereva aliendesha vizuri. Hospitalini wakasema ni moyo. Sehemu ya moyo ilikosa hewa mpaka ikafa. Mtu wa umri wake, mwembamba, havuti sigara. Daktari aliuliza mara tatu kuhusu kazi yake, nikamweleza mara tatu. Damu ilichukuliwa jioni, baada ya saa nyingi za hewa ya mtungi, ambayo huifukuza sumu. Sumu iliyoonekana ilikuwa kidogo sana.

"Ilikuwa zaidi," daktari alisema, "lakini siwezi kuandika nisichokiona."

Yuko hai.

Jumatano, Aprili 15

Mvua. Jenereta bado iko ndani. Imewashwa. Nimekaa mita chache kutoka mahali gunia la mdogo wangu lilipopasukia, nashona, nao wanabeba.

Ijumaa, Aprili 17

Mjomba alikuja wodini na machungwa. Alikaa pembeni ya kitanda, akazungumza na Winchi kuhusu mpira. Alipotoka nikamfuata kwenye korido.

"Moyo wake ulikuwa mbovu tangu mwanzo," akasema kabla sijafungua mdomo. "Baba yenu naye alikufa ghafla."

"Baba alikufa kwa ajali ya lori."

"Ghafla."

Kuna wagonjwa waliogeuka kunitazama, kwa hiyo nadhani nilipaza sauti. Nilimwambia asirudi. Wifi alinishika kiuno akanirudisha ndani. Machungwa niliyagawa kwa vitanda vingine.

Jumatatu, Aprili 20

Mvua. Leo Kimya alisema kichwa kinamuuma, wakaanza kumpisha. Mmoja wawili tayari walikuwa wanapiga makofi. Wiki moja tu.

Nilisimama nikaenda mpaka mbele ya Mjomba. "Beba wewe."

"Nini?"

"Dawa ni yako. Watu hawa wote wameinywa, hata mimi. Wewe peke yako hujainywa tangu jenereta iingie. Beba mpaka chai. Ukitoka mzima, nitasimama mbele ya Meneja na hawa wote niseme mdogo wangu alikuwa goigoi, na mimi mwongo."

Angeweza kunifukuza. Lakini alikuwa mbebaji kabla ya kuwa nyapara, tena hodari kuliko wote, na alikuwa mbele ya watu wake. Akavua koti.

Alianza vizuri. Nimpe haki yake: ana miaka iliyompita Winchi mbali, na bado alipanda lile lundo mgongo umenyooka. Wakamshangilia. Alinikonyeza kila alipokuja kutwishwa. Kisha akaacha kunikonyeza. Kisha akaanza kujifuta macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mara akapita mizani akaelekea ukutani, akasimama mbele ya ukuta na gunia begani, hajui ageukie wapi.

"Mjomba," Kimya akamwambia, "njia ni huku."

"Najua njia."

Hakuijua. Akatua gunia, akakaa juu yake, akashika kichwa kwa mikono miwili. Na wao, Mungu awasamehe, mikono yao ilizoea. Wawili watatu nyuma wakapiga makofi. "Jasho! Jasho!"

Mjomba akainua kiganja bila kuinua kichwa. Makofi yakafa.

"Zimeni kile kitu," akasema.

Mtu akazima.

"Fungueni milango."

Meneja alitoka ofisini mbio. "Nani amefungua? Mahindi yataloa!"

"Yataloa," Mjomba akajibu. Alisema kwa sauti ndogo, sidhani alikuwa na sauti nyingine. "Tukishaitoa hiyo jenereta, tutayaanika."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Leta watu wengine waje wabebe humu, kama unao." Akawageukia wabebaji. "Ngojeni kwanza upepo upite. Msishike chochote mpaka vichwa vitulie."

Walisubiri. Kisha wanaume wanane wakaibeba jenereta nje, wakaiweka kwenye kibanda kisicho na paa, wakaifunika kwa turubai na mabati yaleyale ya barabarani, mawe juu. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja. Hakuna fundi aliyehitajika. Tangu Machi hakuna fundi aliyehitajika.

Mjomba alikuja kwenye mashine yangu kabla ya kuondoka. Alisimama, akatafuta neno. Sikumsaidia kulitafuta. Watu wakisema leo alikuwa jasiri, ni sawa, waseme. Alihitaji sumu ipite kwenye kichwa chake mwenyewe. Kichwa cha Winchi hakikumtosha.

Alhamisi, Aprili 23

Mvua. Milango wazi nusu. Miguu yangu imeloa na magunia ya mbele yameloa. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Jumanne, Aprili 28

Mvua. Hakuna aliyeumwa. Winchi katoka hospitali.

Jumanne, Mei 5

Manyunyu. Nilikwenda ofisi ya kazi kuhusu Winchi. Wamenijibu kwamba vipimo vya hewa vilifanyika na vilikuwa ndani ya kiwango, na damu yake haikuonyesha kitu, na jenereta, kwa taarifa ya Meneja, iko nje. Yote matatu ni kweli. Nimewaambia nitarudi na muuguzi, na Kimya, na wote wanane walioibeba. Karani alisema nije Jumatano ijayo.

Jumatano, Mei 13

Nimeenda nao. Karani hakuwepo. Tumeambiwa Jumatano ijayo.

Jumatano, Mei 20

Karani alikuwepo. Alimsikiliza muuguzi, akawasikiliza wote, Kimya akazungumza kwa saa nzima. Amesema shauri limefunguliwa. Sijui maana yake bado.

Jumamosi, Mei 23

Jua kali, anga imeoshwa. Milango yote wazi, umeme haujakatika wiki nzima. Meneja alitukusanya kutushukuru kwa msimu. Alisema mwaka huu mafua ya masika yalitusumbua kidogo, lakini tumeshinda.

"Mafua," nikasema.

Akaendelea na hotuba. Mjomba, aliyekuwa amesimama kando yake, akasogea akaja kusimama upande wetu. Bado sizungumzi naye.

Baada ya kazi nilipita kumwona Winchi. Nilimkuta chini, mlangoni mwa jengo, ametoka dukani na mkate. Daktari amesema atembee, asibebe. Mkate anaruhusiwa. Tukaanza kupanda. Kila baada ya ngazi chache alisimama, mkono ukutani. Watoto wa majirani walitupita wakikimbia, wakashuka, wakatupita tena. Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko.

"Usinishike."

"Sikushiki."

"Na usitembee nyuma yangu kama polisi."

"Basi nitembee wapi, ngazi ni moja?"

Alicheka, kicheko kikamkatia pumzi, akakaa kwenye ngazi na mkate mapajani. Nikakaa chini yake. Kutoka pale tulikuwa tunasikia wifi akiosha vyombo juu. Ghorofa moja na nusu ilikuwa imebaki. Huyu alimbeba dereva na gunia lake.

Alinitazama shingoni, mahali ambapo najua mshipa wangu unasimama.

"Bado umekasirika, dada."

"Ndiyo."

"Mimi pia," akasema. "Ngoja nipate pumzi kwanza."